Kasi Tunayoilipia na Kasi Tunayoipata

Mwezi unapoanza, mfanyakazi wa Tabora hulipa kodi ya nyumba, hulipa ada ya mtoto, hununua unga na mkaa, na siku hizi hulipa pia intaneti ya nyumbani. Malipo haya ya mwisho ndiyo mageni kuliko yote, tena ndiyo ambayo wengi wetu huyatoa bila ya kujua hasa tunanunua nini. Anunuaye kilo 5 za mchele huitazama mizani. Anunuaye asali ya Sikonge huionja kwanza kwenye kidole. Lakini anunuaye intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde hana mizani wala kionjo, huyaamini maneno ya tangazo, akalipa, kisha usiku kazi inapokwama hunung'unika peke yake na kusema, "Mtandao unasumbua." Neno hilo moja limekuwa blanketi la kufunikia kila kosa: la kampuni, la mnara, la bahari, na hata la ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Leo twapenda kulifunua blanketi hilo. Tutazungumza juu ya mambo mawili ambayo ni ndugu: namna ya kumchagua mtoa huduma ya intaneti nyumbani, na sababu zinazoifanya intaneti iwe nzito. Twayaweka pamoja kwa kuwa asiyezijua sababu za uzito hawezi kuchagua. Atahama kutoka kampuni moja hadi nyingine, akiacha fedha nyuma kila ahamapo, na uzito akaenda nao.

Wako watakaosema kwamba intaneti ya nyumbani ni anasa ya wenye nacho. Hatukubaliani nao. Kijana aliyemaliza kidato cha sita huomba mkopo wa masomo kwa Bodi ya Mikopo kwa njia ya mtandao. Atafutaye kazi serikalini hupeleka maombi yake katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Mwenye duka hupeleka taarifa zake za kodi TRA kwa njia hiyo hiyo. Na milango yote hiyo ina siku ya kufungwa. Ukurasa unapozunguka bila ya kufunguka saa 5 usiku ya siku ya mwisho, kinachopotea si starehe ya mtu bali mwaka mzima wa maisha ya kijana. Kwa hiyo jambo hili ni la haki na la riziki, nalo lastahili kufikiriwa kwa makini kama mshahara unavyofikiriwa.

MJI WA NJIA

Tabora haikuanza jana kuijua gharama ya njia ndefu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika katika nchi hii ya Unyanyembe, penye Kazeh na Kwihara. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba, yaani walikaa njiani zaidi ya miezi minne. Stanley aliondoka Bagamoyo mwisho wa Machi 1871 akafika Unyanyembe mwezi Juni, kwa muda usiotimia miezi mitatu. Wote walitoka pwani, wote walifika hapa hapa, lakini mwendo wao haukulingana.

Sababu zilikuwa nyingi, ila moja yatufaa leo. Miguu ya wapagazi haikuwa na lawama, maana Mnyamwezi aliyebeba kama frasila 2 begani alijulikana kwa uhodari wake tangu pwani hadi Tanganyika. Mwendo wa msafara uliamuliwa na mahali pagumu: mto uliofurika, malipo ya hongo katika Ugogo, ambako msafara uliweza kukaa siku kadhaa ukibishana juu ya idadi ya vitambaa na shanga, na nyika ya Mgunda Mkali iliyokuwa na shida ya maji. Hata kama sehemu nyingine zote zilikuwa tambarare na kavu, mahali pamoja pagumu palitosha kuuchelewesha msafara wote.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, safari ya miezi iligeuka kuwa ya siku. Leo ujumbe wa mtu wa Kanyenye, Ipuli au Ng'ambo hupita kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo, na siku zimegeuka kuwa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini kanuni ya msafara haikubadilika hata kidogo. Wazee walisema kamba hukatikia pabovu, na intaneti nayo huwa nzito pale penye ubovu, sehemu nyingine ziwe nzuri namna gani.

VITUO VITANO

Yafaa basi tuijue njia yenyewe, kituo kwa kituo.

Kituo cha kwanza ni ndani ya nyumba: kutoka katika simu au kompyuta hadi kwenye ruta, ile sanduku ndogo yenye taa zinazometameta. Cha pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwa kampuni: ama kwa uzi wa faiba ulioingia ndani, ama kwa mawimbi yaendayo kwenye mnara. Cha tatu ni kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, safari ambayo sehemu kubwa hufanyika katika mikongo ya nchi kavu, ukiwemo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulioanza kujengwa mwaka 2009 na ambao husimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL. Cha nne ni bahari: mkongo wa SEACOM uliofunguliwa mwaka 2009 na ule wa EASSy uliofuata mwaka 2010, yote miwili ikitua Dar es Salaam. Cha tano ni kule kwenye mashine inayohifadhi kitu unachokitaka, iwe Dar es Salaam, Johannesburg, Marseille au Marekani.

Kabla ya mikongo hiyo ya baharini, karibu mawasiliano yote ya intaneti kati ya nchi yetu na ulimwengu yalipita katika setilaiti zilizo juu kwa kadiri ya kilomita 36,000. Ombi hupanda kilomita hizo na kushuka. Jibu nalo hupanda na kushuka. Jumla ni kilomita 144,000, na hata mwanga hauwezi kuzimaliza pasipo kutumia karibu nusu ya sekunde. Katika uzi wa kioo mwanga hwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Basi kutoka Dar es Salaam hadi Ulaya kwa njia ya bahari, ikiwa ni kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hayo ndiyo maendeleo tuliyoyapata, na si haba.

Lakini bahari nayo ina Mgunda Mkali wake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika upande wa kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika katika Tanzania na nchi kadhaa za jirani. Siku zile mtu wa Tabora aliyeizima ruta na kuiwasha mara kumi alijichosha bure, na aliyekwenda kununua ruta mpya alitupa fedha. Kosa lilikuwa chini ya maji, mbali na nyumba yake kwa maelfu ya kilomita. Funzo lake ni kwamba kabla ya kulaumu yafaa kuuliza: je, ni mimi peke yangu, ni mtaa mzima, au ni nchi nzima?

UPANA NA UMBALI

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, kasi. Neno hili hutumiwa kwa vitu viwili, na wauzaji hawana haraka ya kuvitenganisha.

Kitu cha kwanza ni upana wa njia. Msafara wa wapagazi 100 hubeba mzigo mwingi kuliko msafara wa wapagazi 10, lakini haufiki Tabora siku moja mapema kwa sababu hiyo. Megabiti zinazotangazwa ni hesabu ya wapagazi. Kitu cha pili ni muda wa safari: tangu ubonyeze hadi jibu lianze kuonekana. Huu hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Mtu anayepakua filamu ahitaji wapagazi wengi. Mtu anayezungumza kwa video na mwanawe aliye Muscat au Toronto ahitaji safari fupi na isiyokatizwa. Ukimwongezea wapagazi na safari ikabaki ya kusuasua, sauti itaendelea kukatika vile vile. Ndiyo maana wako wanaolipia kifurushi kikubwa zaidi na mazungumzo yao yasipate nafuu yoyote. Waliongeza kile ambacho hakikupungua.

Pia iko hila ya vipimo. Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti, na simu zetu huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti. Baiti moja ina biti 8. Basi megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25 tu kwa sekunde, na faili la gigabaiti 1 litachukua kama dakika 13 hata mambo yote yakienda sawa. Asiyeijua hesabu hii atadhani ameibiwa, kumbe amepewa haki yake barabara. Na aijuaye hatadanganyika siku ile atakapoibiwa kweli.

Jambo la tatu la kutazama ni kwamba njia ya kupokea na njia ya kupeleka si sawa. Vifurushi vingi hutoa upana mkubwa wa kupokea na mdogo wa kupeleka. Kwa mtazamaji wa mpira si neno. Lakini mwalimu anayepeleka masomo ya video, mpiga picha wa harusi anayetuma kazi kwa wateja, na mwanafunzi wa chuo anayepandisha andiko lake, hao hutegemea njia ya kupeleka. Yawapasa kuiuliza, maana mara nyingi haitajwi katika bango.

Je, nyumba yahitaji kiasi gani? Video moja ya picha nzuri huhitaji kama megabiti 5 kwa sekunde. Mkutano wa video huhitaji pungufu ya hapo, lakini kwa njia zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Nyumba ya watu wanne au watano, mmoja akitazama, mmoja akisoma na wengine wakiandikiana, hutoshelezwa na megabiti 20 zilizo za kweli. Twasema zilizo za kweli, kwa kuwa megabiti 20 zinazofika saa 3 usiku ni bora kuliko 100 zilizoandikwa katika karatasi.

UBOVU ULIO NDANI YA NYUMBA

Hatuna budi kuwaambia wasomaji ukweli ambao hautawapendeza wote: sehemu kubwa ya malalamiko huanzia sebuleni. Ruta huwekwa nyuma ya televisheni, au juu ya kabati la chuma, au katika chumba cha mwisho kwa kuogopa wezi. Mawimbi yake hupenya mbao na kitambaa bila shida, lakini tofali na zege huyapunguza nguvu, na bati huyarudisha. Nyumba zetu za matofali mazito, zenye mabati juu na nondo katika madirisha, ni ngome dhidi ya mawimbi kama zilivyo ngome dhidi ya wezi.

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Moja, la gigahezi 2.4, hufika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, lakini lina msongamano, kwa kuwa ruta za majirani nazo zalitumia. La pili, la gigahezi 5, lina upana mkubwa lakini huchoka upesi likikutana na ukuta. Aliye karibu na ruta atumie la pili, na aliye chumba cha mbali atumie la kwanza. Na ruta yenyewe iwekwe katikati ya nyumba, juu kidogo, mahali pa wazi. Ikiwa ni ruta ya laini ya simu, inayopokea kutoka mnarani, iwekwe karibu na dirisha linalouelekea mnara, maana bati la paa humnyima mpokeaji kama linavyomnyima mtumaji.

Kisha wako wageni wasioonekana. Neno la siri alilopewa jirani mwaka jana wakati wa msiba bado analo, na wanawe wanalo, na rafiki za wanawe wanalo. Simu tano zinazojisasisha zenyewe usiku hula njia yote bila ya mtu kuzigusa. Badilisha neno la siri, kisha utazame.

Njia ya kupambanua ni nyepesi. Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, zima vifaa vingine vyote, upime kasi kwa mojawapo ya vipimo vya bure kama Speedtest. Kisha nenda chumba cha mbali upime tena. Karibu ikiwa nzuri na mbali ikiwa mbaya, kosa ni la nyumba, na hapana kampuni itakayokuponya. Karibu na mbali zikiwa mbaya sawasawa, ndipo tuvuke kizingiti tutazame nje.

UBOVU ULIO NJE

Mawimbi ya mnara mmoja hugawanywa kwa wote walio chini yake. Alfajiri ni wachache. Usiku, tangu saa 2 hadi saa 5, kazi zimekwisha, chakula kimeliwa, na mtaa mzima huingia kwa pamoja, kama watu waliokuta bomba moja la maji ambalo presha yake ni ile ile. Kila mtu hupata mchirizi. Faiba nayo hugawanywa, lakini kwa watu wachache zaidi na kwa upana mkubwa zaidi, ndiyo maana msongamano wake hauonekani sana.

Kwa hiyo pima mara tatu kwa siku: saa 11 alfajiri, saa 7 mchana na saa 3 usiku, kwa muda wa juma zima. Ikiwa alfajiri kasi ni nzuri na usiku hufa, basi mnara umeelemewa. Kununua kifurushi kikubwa zaidi kwa kampuni hiyo hiyo ni sawa na kuleta ndoo kubwa kwenye bomba lile lile. Ikiwa kasi ni mbaya saa zote, huenda umbali kutoka mnarani ndio sababu, au kifaa kibovu, au kifurushi kimefikia kikomo chake. Ikiwa kipimo chaonyesha kasi nzuri lakini tovuti za nje ya nchi ni nzito, basi tazama baharini. Kwa maana vipimo hivi kwa kawaida huchagua mashine iliyo karibu, na huenda namba nzuri unayoiona inaisha Dar es Salaam. Kipimo hakikusema uongo, ila kilijibu swali jingine.

Ndugu zetu wa Urambo, Kaliua na Uyui wana shida ya ziada, nayo ni umbali. Mawimbi ya chini, kama ya megahezi 700 na 800, hufika mbali na kupita vizuri zaidi katika miti ya miombo. Mawimbi ya juu, ambayo ndiyo yenye upana mkubwa, hayafiki mbali. Ruta iliyoandikwa "5G" katika kijiji kisicho na mnara wa kizazi cha tano itafanya kazi ya kizazi cha nne au cha tatu, na bei yake haitapungua kwa hilo.

Yafaa pia kujua kwamba kuhama kampuni si lazima kuwe ni kuhama njia. Minara mingi nchini ni mali ya kampuni za minara, kama Helios Towers, ambazo huzipangisha kampuni za simu. Rangi za mabango ni mbalimbali na vyombo vya kila mmoja ni vyake, lakini mnara waweza kuwa ule ule na umeme ule ule. Mkongo wa nchi kavu nao hukodishwa kwa wengi. Umeme ukikatika na betri za mnara zikaisha, wateja wa kampuni mbili au tatu hulala gizani pamoja.

NAMNA YA KUCHAGUA

Hatumpigii debe mtu yeyote. Wako TTCL, Vodacom, Airtel, Halotel, na Yas iliyojulikana kwa jina la Tigo hadi mwaka 2024. Wako na watoa huduma wadogo. Aliye bora Cheyo aweza kuwa hafai Kiloleni. Kwa hiyo swali la "nani bora Tanzania" halina jibu, swali lenye jibu ni "nani bora katika nyumba hii, saa 3 usiku." Kwa kuijibu twashauri mambo haya.

Kwanza, uliza kama faiba imefika mtaani kwako. Ikiwa imefika na bei ni ya kadiri yako, ichukue, kwa kuwa mvua, miti na msongamano wa mnara haviigusi. Lakini uliza ni siku ngapi kuunganishwa, na nani hulipa uzi ukikatwa na wachimba mtaro.

Pili, ikiwa hakuna faiba, usinunue ruta kabla ya kujaribu laini. Azima laini za kampuni tatu kutoka kwa majirani, uzitie katika simu moja, ukapime kila moja nyumbani kwako kwa saa zile tatu. Gharama ya jaribio hili ni vocha ndogo. Gharama ya kutolifanya ni ruta itakayokaa kabatini.

Tatu, uliza maana ya "bila kikomo." Mara nyingi maana yake ni kwamba hutakatiwa, lakini ukishavuka kiasi fulani kasi hushushwa hadi ikawa ya kutambaa. Uliza kiasi hicho ni gigabaiti ngapi, na baada yake kasi ni ngapi, na jibu liwe la maandishi.

Nne, tazama neno "hadi." Anayeuza "hadi megabiti 30" amekuahidi dari, hakukuahidi sakafu. Uliza sakafu. Akikosa jibu, jua kwamba hakuna.

Tano, uliza juu ya mkataba: ni wa miezi mingapi, ruta ni yako au ya kuazimwa, imefungwa isikubali laini ya kampuni nyingine au la, na ukitaka kuondoka walipa nini. Rahisi huwa ghali: ruta inayotolewa kwa bei ya chini mara nyingi ndiyo pingu.

Sita, ukishawishiwa kununua dishi la setilaiti, kwanza ulizia katika Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kama muuzaji ana leseni. Setilaiti mpya huzunguka chini, kwa kadiri ya kilomita 550, na kwa hiyo hazina uchelewaji wa zile za zamani. Zaweza kuwa mkombozi wa vijiji vya mbali. Lakini kifaa kisicho na kibali ni hasara ya mnunuzi peke yake.

Saba, kumbuka umeme. Ruta haitumii umeme mwingi. Betri ndogo yaweza kuiweka hai saa kadhaa. Mwenye kufanya kazi nyumbani aihesabu betri hiyo kuwa sehemu ya bei ya intaneti.

MALI BILA DAFTARI

Mwisho twataka kusema juu ya haki. Sheria ya mwaka 2003 iliyoiunda TCRA iliunda pia Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ili mlipaji awe na pa kusemea. Utaratibu ni kwamba mteja humpelekea malalamiko mtoa huduma kwanza, akipewa namba ya kumbukumbu. Asiporidhika, huyapeleka mbele katika Mamlaka. Lakini wengi wetu hatufiki huko, na tufikapo huenda mikono mitupu. Twasema "iko polepole." Polepole kiasi gani? Siku gani? Saa ngapi? Tangu lini? Hapo ndipo shauri linapokufa, kwa kuwa karani hawezi kuandika manung'uniko katika fomu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shilingi chache. Andika tarehe, saa, kasi ya kupokea, kasi ya kupeleka, na mahali uliposimama. Hifadhi picha ya kila kipimo katika simu. Hifadhi pia risiti na picha ya tangazo lililokuvuta, kwa sababu matangazo hubadilishwa. Baada ya majuma mawili utakuwa na kitu ambacho kampuni haiwezi kukipuuza kwa maneno matamu ya simu ya huduma kwa wateja.

Na jambo hili likifanywa na mtu mmoja lina faida. Likifanywa na nyumba kumi za mtaa mmoja lina nguvu. Mteja mmoja akilalamika, ataambiwa azime ruta na kuiwasha. Nyumba kumi zikileta madaftari yanayoonyesha kwamba kila siku saa 3 usiku kasi hushuka hadi sehemu moja ya kumi ya ile iliyolipiwa, hapo hapana ruta ya kuzima. Pana mnara wa kuongezewa uwezo, na aliyeuza zaidi ya alichonacho atajulikana. Vyama vya wafanyakazi, vya walimu na vya wakulima wa tumbaku vilivyomo mkoani mwetu vinajua maana ya kupima mzigo kwa mizani inayoaminika mbele ya mashahidi. Mkulima wa tumbaku hakubali uzito wa kukisiwa. Kwa nini akubali kasi ya kukisiwa?

Wala hatusemi haya kwa kuzichukia kampuni. Mafundi wao hupanda minara katika jua la Oktoba na katika mvua za masika, na makosa mengine, kama tulivyoonyesha, ni ya bahari au ya kuta zetu wenyewe. Haki ina pande mbili: anayelipa yampasa apime kabla ya kulaumu, na anayepokea malipo yampasa aseme wazi anauza nini. Tukitimiza upande wetu, tutakuwa na uso wa kudai upande wao.

Basi juma hili, ndugu msomaji, usihame kampuni na wala usiongeze kifurushi. Anza na daftari. Pima saa 11 alfajiri, pima mchana, pima saa 3 usiku, kisha mwulize jirani yako naye amepata nini.